Superkapasita inaposumbua: dalili, chanzo na namna ya kuishughulikia bila kuungua

Mwongozo huu unahusu superkapasita za kawaida (kapasita zinazohifadhi chaji nyingi kuliko kapasita za kawaida za sakiti), zile ambazo seli yake moja ni ya volti 2.7 (zipo pia za 2.5, 2.85 na 3.0), zenye kaboni iliyopakwa juu ya karatasi ya alumini na kulowekwa kwenye elektroliti, kimiminika kinachopitisha umeme. Mifano mingi ni ya moduli inayopatikana kirahisi kuliko zote: seli sita za faradi 500 (faradi ni kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji) zilizofungwa kwa mfululizo, kwa pamoja volti 16.2 na faradi 83. Wengine huifunga kwenye gari isaidie betri kuzungusha stata, wengine kwenye muziki wa gari, na mafundi wa betri za lithiamu huitumia kwenye mashine ya kuchomelea vipande vya nikeli. Mwenye seli kubwa za faradi 3000 abadilishe namba tu, hesabu ni zile zile.

Karibu kila ugonjwa wa moduli huanzia kwenye seli moja, na volti ya ncha mbili za mwisho haitakuambia ni seli ipi. Ukipima, pima seli moja moja, uandike namba zake kwenye karatasi. Fundi anayepima jumla peke yake atabadilisha moduli nzima wakati shida ilikuwa seli moja, au atairudisha kazini moduli ambayo seli yake moja iko mbioni kupasuka.

Kabla hujashika chochote

Moduli ya volti 16 haikurushi kama umeme wa nyumbani, ndiyo maana watu huidharau. Hatari yake ni moto. Seli ya faradi 500 ina ukinzani wa ndani wa miliohmu 2 hadi 3. Ukiipiga shoti ikiwa imejaa, inaweza kutoa zaidi ya ampea 900. Seli ya faradi 3000 yenye miliohmu 0.29 inapita ampea 9,000. Spana, pete ya ndoa au mkanda wa saa ya chuma vikikatiza kati ya chanya na hasi huyeyuka papo hapo. Vua vyuma mikononi, vaa miwani ya kazi, funga nailoni au gundi ya umeme kwenye shina la spana. Moduli kubwa za volti 48 na kuendelea zihesabu kama umeme wa hatari, na kuanzia volti 60 usiziguse bila glavu za umeme.

Kuondoa chaji si kuipiga shoti. Kwa moduli ya volti 16, tumia balbu ya gari ya volti 12, wati 21, ile ya taa ya breki. Itawaka kwa nguvu, kisha itafifia polepole. Iache kama dakika 20, halafu pima. Balbu kuzimika hakumaanishi moduli imekwisha, maana waya wa balbu huacha kung'aa volti zikiwa bado zimebaki. Kwa seli moja ya faradi 3000, rezista ya ohmu 1 ya wati 10 inatosha na haitaungua (kilele chake ni wati 7.3), ila ujipange kusubiri: inachukua dakika 50 kushuka hadi thuluthi hivi, na saa mbili na nusu kufika karibu volti 0.13.

Chaja inazima na kuwaka, au ukiunga betri inatoa cheche kubwa

Superkapasita tupu, machoni mwa chaja, ni shoti. Pawa saplai nyingi za kompyuta na za taa za LED zikiona hivyo hujilinda: zinazima, zinajaribu tena, zinazima. Haijaharibika chaja wala kapasita. Betri ya lithiamu nayo itakatwa na BMS yake, yaani ubao wake wa ulinzi. Betri ya risasi haina wa kuizuia, kwa hiyo itamimina mamia ya ampea, na klipu zitachomeka matundu.

Dawa ni kuweka kikomo cha mkondo. Kwenye pawa saplai yenye marekebisho, weka volti 14.4 na ampea 5 kabla hujaunga. Moduli ya faradi 83 itajaa kwa dakika 4 hivi. Kama huna, tumia balbu ile ile ya wati 21 kwa mfululizo kati ya betri na moduli. Ikiwaka kwa nguvu halafu ikafifia, mambo yanakwenda. Ikibaki inawaka vile vile baada ya dakika 20, kuna shoti kati ya chanya na hasi ya moduli au umeunga vibaya. Unga moja kwa moja pale tu tofauti ya volti kati ya betri na moduli imeshuka chini ya nusu volti.

Rezista ndogo nyeupe za wati 10 huungua sana kwenye kazi hii na watu hushangaa. Ukichaji kapasita kupitia rezista, nusu ya nishati yote huishia kwenye rezista, uwe umechagua ohmu ngapi. Hapa ni takriban jouli 6,000 kwa betri ya volti 12. Rezista ya ohmu 5.6 itaanza na wati 25 na kubaki moto kwa dakika kadhaa. Tumia ile ya wati 50 yenye gamba la alumini, uifunge kwenye bati la kupozea.

Kuna kosa lingine linaloua vibadilisha volti. Ukizima umeme wa kuingia huku moduli imejaa, mkondo unarudi nyuma kupitia kibadilisha volti na kukiunguza. Weka dayodi ya Schottky, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa chanya wa kutoka, au uchomoe moduli kabla ya kuzima.

Jumla ni sawa, lakini seli moja ina volti nyingi kuliko wenzake

Hapa ndipo moduli nyingi hufia. Seli zilizofungwa kwa mfululizo hupokea chaji sawa, na yenye uwezo mdogo ndiyo inayopanda volti nyingi. Chukua seli tano zilizo na faradi 500 kamili na moja iliyochoka ikabaki na 400. Zote zikiwa zimeanzia sifuri, zipeleke volti 14.4 za alteneta. Ukigawanya kwa sita unapata 2.4, na unalala usingizi. Hali halisi ni kwamba seli tano zitakaa 2.30 na ile dhaifu itakaa 2.88, juu ya kikomo chake cha 2.7. Volti za ziada huvunjavunja elektroliti, gesi inazaliwa, uwezo unashuka tena, na safari ijayo inapata volti nyingi zaidi. Seli dhaifu hujimaliza yenyewe.

Ili kujua chanzo, pima mara mbili, kwa nyakati mbili tofauti.

Kwanza, ondoa chaji kwenye kila seli peke yake hadi zote ziwe karibu na sifuri. Chaji moduli kwa haraka, ampea 5, hadi volti 12, kisha pima seli zote hapo hapo. Seli yenye volti nyingi kuliko wenzake ndiyo yenye uwezo mdogo. Tofauti ya asilimia 5 si neno, kwa sababu viwanda vingi huruhusu uwezo wa seli mpya kutofautiana kwa asilimia 10 hadi 20. Ikizidi hapo, itoe ukaipime peke yake.

Pili, chomoa ubao wa kusawazisha (unaozuia seli moja isipande kupita wenzake) kama upo, iache moduli bila chochote kwa saa 24, upime tena. Safari hii tafuta iliyoshuka kuliko wenzake: hiyo ndiyo inayovuja umeme kwa ndani. Seli inayovuja ni hatari kwa namna nyingine. Moduli ikikaa muda mrefu kwenye chaji, yenyewe inashuka na wenzake wanalazimika kupanda kuziba pengo. Kwa hiyo seli yenye volti nyingi si lazima iwe ndiyo mbovu. Usitupe seli nzima na kubakisha mgonjwa.

Yapo pia makosa ya ufungaji yanayofanana na ugonjwa. La kwanza ni kufunga seli tano badala ya sita kwa hoja kwamba tano mara 2.7 ni 13.5 na betri ni ya 12. Alteneta hutoa hadi 14.4, yaani 2.88 kwa kila seli, tena hapo zote ni nzima. Kwa gari la volti 12 ni seli sita, kwa lori la volti 24 ni kumi na mbili. La pili ni kuchanganya seli mpya na zilizotumika. Ukibadilisha moja, pima uwezo wa zote, uweke inayokaribiana na zilizobaki, hata kama uwezo wake ni mdogo kuliko uliokuwa unautaka.

Ubao wa kusawazisha unachemka, au taa yake haiwaki kabisa

Ubao wa kawaida wa moduli hizi huangalia kila seli, ikikaribia 2.7 huwasha rezista inayonyonya umeme wa ziada, na taa ndogo inaonyesha. Rezista kuwa moto ndiyo kazi yake. Taa moja kuwaka peke yake kila mara unapochaji ni habari: seli hiyo ndiyo inayofika juu mapema, rudi kwenye kipimo cha kwanza hapo juu.

Taa zote sita zikiwaka kwa pamoja, usiulaumu ubao kabla hujapima volti ya moduli. Ikiwa inakaribia 16, kidhibiti cha alteneta kimeharibika, na betri yako nayo inapikwa. Ikiwa ni 14.4 na seli zote ni 2.4, hapo ndipo ubao una kasoro.

Tatizo ambalo wengi hawalioni ni kasi. Rezista ya ohmu 5 kwenye ubao hunyonya nusu ampea tu. Ukichaji kwa ampea 10, ampea tisa na nusu zinaendelea kuingia kwenye seli iliyokwisha kujaa. Seli ya faradi 500 inapanda milivolti 19 kwa sekunde. Baada ya sekunde kumi imeongeza karibu volti 0.2 mbele ya ubao unaofanya kazi vizuri kabisa. Ubao huo ni wa kurekebisha tofauti ndogo polepole. Ukitaka kuchaji kwa nguvu, weka volti ya juu ya moduli isizidi 2.4 kwa seli, ili hata dhaifu ipate nafasi ya kupumua.

Kujaribu ubao wenye mashaka, unga seli moja, weka pawa saplai kwenye ampea 0.5 na volti 2.75, uiache ipande yenyewe. Ikifika 2.75 bila taa kuwaka wala rezista kupata joto, chaneli hiyo, yaani sehemu ya ubao inayohudumia seli hiyo, imekufa. Usiendeshe moduli na chaneli mfu.

Inajaa upesi na kuisha upesi

Multimita ya kawaida haiwezi kupima faradi 500. Kwenye ohmu nayo itaonyesha karibu na sifuri, na wengi hutupa seli nzima wakidhani ni shoti. Kipimo cha kweli ni cha muda. Chaji seli hadi 2.7, ishikilie hapo kwa dakika 30 ili chaji ipenye hadi ndani ya vitundu vya kaboni, kisha itoe chaji kwa mkondo usiobadilika. Anza kuhesabu sekunde volti ikifika 2.16, simamisha ikifika 1.08, yaani kutoka asilimia 80 hadi 40 ya volti yake. Zidisha ampea kwa sekunde, gawanya kwa 1.08. Kwa ampea 2, seli ya faradi 500 inachukua sekunde 270. Ukipata 216, ni faradi 400. Watengenezaji wengi huhesabu seli imekwisha uwezo ukishuka kwa asilimia 20 hadi 30, au ukinzani wa ndani ukiongezeka maradufu.

Seli mpya inayoleta sekunde 60 haijachoka, ilizaliwa hivyo. Soko limejaa seli ndogo zilizovishwa gamba jipya lenye namba kubwa. Mizani ya jikoni inasaidia kabla hujalipa. Superkapasita za aina hii hubeba saa-wati 5 hadi 7 kwa kilo. Faradi 500 kwa volti 2.7 ni saa-wati 0.5, kwa hiyo seli ya kweli itakuwa na uzito wa gramu 70 na zaidi. Ukiuziwa ya gramu 25 yenye maandishi ya faradi 500, unanunua maandishi.

Wakati mwingine hakuna kasoro, matarajio ndiyo makubwa. Moduli ya faradi 83 ikishuka kutoka 14.4 hadi 10.5 inatoa jouli 4,045 tu, sawa na saa-wati 1.1. Taa ya wati 10 itawaka chini ya dakika 7. Stata inayokula wati 1,500 itazunguka kwa sekunde mbili na kitu. Kusaidia betri iliyolegea, inafaa sana. Kuwa badala ya betri, haiwezi, hata uiunge mara mbili.

Volti zipo, lakini mzigo ukiingia zinaporomoka

Zinashuka ghafla au zinateleza? Kuteleza ni kawaida, kapasita inaisha. Kuporomoka papo hapo na kurudi juu mara tu mzigo unapotoka ndiko kunakoonyesha ukinzani. Na usomaji mzuri uko kwenye kutoa mzigo, si kuuweka: unga taa kubwa ya gari ya wati 55 au 60 kwenye moduli, isubiri sekunde mbili tatu, ikate, uone volti imeruka juu kwa kiasi gani mara moja. Kwa ampea 5 moduli nzima huruka kama milivolti 75. Zikiwa 150, ukinzani umefika maradufu. Kule kupanda polepole kunakofuata kwa dakika kadhaa ni chaji inayojipanga ndani ya kaboni, usikuhesabu. Weka ncha za multimita kwenye vichwa vya seli vyenyewe, la sivyo utakuwa unapima klipu zako.

Kabla ya kuihukumu seli, kagua viungo. Mzigo ukiwa unavuta ampea 10, weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha seli na nyingine kwenye bamba linaloiunga na jirani. Kiungo kizuri kinasoma milivolti moja au chini yake. Kikisoma 10, una miliohmu moja nzima hapo. Stata ikivuta ampea 200, hiyo ni wati 40 zinazochoma kiungo kimoja. Vichwa vya seli kubwa ni vya alumini, na bamba la shaba tupu juu ya alumini huliwa na kutu haraka, hasa Mombasa, Tanga, Zanzibar na kokote kwenye upepo wa chumvi. Tumia shaba iliyopakwa bati au bamba la alumini, sugua hadi ing'ae, paka grisi ya viungo vya umeme, ukaze kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Kukaza kupita kiasi huzungusha kichwa na kupasua mhuri wake.

Viungo vikiwa safi na kuporomoka kukabaki, seli imezeeka, na mara nyingi joto ndilo lililoizeesha. Seli nyingi zimepimwa kuishi saa 1,000 hadi 1,500 kwa volti kamili na nyuzi 65. Saa 1,500 ni siku 62. Kila nyuzi 10 unazopunguza, maisha huongezeka takriban maradufu. Kila volti 0.2 unayopunguza nayo huongeza kiasi kama hicho, na seli nyingine hufaidika hata zaidi. Kwa makisio hayo, seli ileile ikikaa nyuzi 35 na volti 2.4 inafikia miaka karibu minne ikiwa kwenye umeme muda wote. Ukiifunga chini ya boneti kando ya bomba la moshi, umechagua zile siku 62. Ipeleke kwenye buti, lakini hesabu waya: nyaya za milimita 25 za mraba zenye urefu wa mita 4 zina karibu miliohmu 3, na kwa ampea 200 zinakula volti 0.6. Hapo weka waya mnene zaidi, na fyuzi karibu kabisa na chanya.

Gari likilala siku chache betri inakuwa dhaifu

Chunguza rezista za kusawazisha kwanza. Moduli nyingi rahisi zina rezista ya kudumu kwenye kila seli. Ya ohmu 150 hunyonya miliampea 14 usiku na mchana, karibu saa-ampea 10 kwa mwezi. Kwa betri ya saa-ampea 45 hiyo ni karibu robo. Gari linaloegeshwa kwa wiki liwekewe swichi ya kukata moduli, au ubao unaofanya kazi seli inapojaa tu.

Kama rezista hazipo, pima uvujaji wa seli. Ishikilie kwenye volti 2.5 kwa saa kadhaa, tena siku mbili tatu kama una subira, kisha iache peke yake. Volti inayopotea saa za mwanzo si uvujaji, ni chaji inayoingia ndani zaidi. Baada ya hapo, seli ya faradi 500 ikipoteza volti 0.17 kwa siku, inavuja takriban miliampea moja. Iliyokaa dukani miaka huvuja sana mwanzoni. Ichaji kwa mkondo mdogo, uishikilie saa 12 hadi 24, upime upya kabla ya kuikataa. Safisha pia mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemia) kwenye ubao. Fluksi iliyovuta unyevu hupitisha umeme vizuri tu.

Uliondoa chaji, ukarudi ukakuta volti zipo

Hilo si ajabu. Chaji iliyojificha ndani ya vitundu vya kaboni inarudi juu, na seli iliyosoma sifuri inaweza kupanda tena hadi sehemu ya kumi kadhaa za volti. Kwa seli moja ni kitu kidogo. Kwa moduli ndefu zinajumlishana. Ukishaondoa chaji kwa rezista, acha kipande cha waya kikiunganisha chanya na hasi ya kila seli mpaka utakapoitumia.

Nasema ya kila seli kwa makusudi. Kama seli zetu sita zilikuwa zimesawazishwa kwenye 2.4 na moja ni ya faradi 400, kuunga ncha mbili za mwisho peke yake kunaishia na seli tano zikiwa na volti 0.096 na ile dhaifu ikiwa kinyume, hasi 0.48. Jumla ni sifuri safi. Seli hizi hazifi papo hapo zikigeuzwa, lakini kila mara zinapogeuzwa maisha yanapungua.

Imevimba, imelowa, au inanuka

Hapa hakuna kupima tena. Gamba lililotuna kichwani au ufa kwenye mistari iliyochongwa maana yake gesi imeshajaa. Mistari hiyo imewekwa ipasuke kwa mpangilio, kwa hiyo usiizibe kwa gundi wala kuibana kwenye sanduku.

Seli nyingi zenye ukinzani mdogo hutumia asetonitrili, kimiminika chenye harufu kama ya etha, kinachoweza kushika moto hata kwa nyuzi 2 tu. Ikiungua hutoa gesi ya sayanidi, na ikiingia mwilini nako hugeuka sayanidi, dalili zikija saa kadhaa baadaye. Usiinuse kutafuta uhakika. Kata umeme bila kutoa cheche, fungua milango, toka. Glavu za buluu za nitrili hazizuii asetonitrili kwa muda. Tafuta za mpira wa butili. Ikigusa ngozi au jicho, maji mengi kwa dakika 15, na aliyeivuta kwa pumzi apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, daktari aambiwe jina la kemikali. Aina nyingine hutumia propilini kaboneti, ambayo haishiki moto kirahisi hivyo, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha, soma karatasi ya mtengenezaji.

Seli iliyovimba ikiwa haijapasuka, iache ipoe, ondoa chaji kwa rezista ukiwa nje, ifunge kwenye chombo cha plastiki, uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Usiitupe kwenye moto wa taka.

Ukikuta seli mpya imevimba, muulize aliyeilehemu. Ncha ya solda ya nyuzi 350 isikae mguuni zaidi ya sekunde 3 hadi 5, na bunduki ya hewa moto isikaribie kabisa.

Vile vidonge vya volti 5.5

Hivi vya faradi 0.1 hadi 1.5, vinavyolinda saa na kumbukumbu kwenye redio na mita, ni seli mbili zilizopangwa juu ya nyingine, na ukinzani wake ni makumi ya ohmu. Kikiwa na ohmu 50, mkondo wa miliampea 10 unapoteza nusu volti. Kukitumia kuwasha mota au moduli ya simu ni kazi bure. Saa ikipoteza majira, kichaji kwa volti 5 kupitia rezista ya ohmu 100 kwa saa 24 kabla ya kukihukumu, kwa sababu hujaa polepole mno. Angalia chini yake pia, maana kikivuja hula njia za shaba za ubao. Na usikibadilishe kwa betri ya CR2032: sakiti ile huchaji, na CR2032 haichajiwi.

Iliyoandikwa volti 3.8

Hiyo ni kapasita ya lithiamu, nusu ya mwili wake ni ya betri. Kanuni za kuondoa chaji na kuweka waya haziihusu. Nyingi hazitakiwi kushuka chini ya volti 2.2, na ukiipiga shoti ili uihifadhi salama, umeiharibu. Ihifadhi ikiwa na chaji, miguu yake ikiwa imetenganishwa na kufunikwa kwa gundi ya umeme.